Kutoka Dodoma kwenda nje ya nchi kwa kombi yako ya zamani: mwongozo kamili

Barabara inayotoka Arusha, ikapita Babati na Kondoa, ikaingia Dodoma, kisha ikaelekea Mtera hadi Iringa ni kipande cha ile njia kuu ya zamani ya kutoka Cape hadi Cairo. Mtu wa Dodoma mwenye kombi hahitaji kwenda mbali kuutafuta mwanzo wa safari. Inampitia mlangoni.

Kombi yangu ni Volkswagen ya mwaka 1976, injini ya 1600 iliyo nyuma. Iliwahi kuwa ya misheni, ikaegeshwa chini ya mkwaju miaka mingi kabla sijainunua. Imenipeleka Livingstone, Zambia, ikavuka daraja la Kazungula hadi Botswana, ikanirudisha Dodoma kwa magurudumu yake yenyewe. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yako mwenye kombi iliyosimama nyuma ya nyumba na unayeambiwa kila siku uiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Usiiuze. Ila jipe miezi sita ya kujiandaa, na ufuate mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Makaratasi kabla ya spana

Wengi huanza na rangi na viti. Mimi nakushauri uanze na kadi ya gari. Chukua kadi, tochi na kitambaa chenye petroli kidogo, ufungue mlango wa injini. Namba ya chasisi imegongwa upande wa kulia ndani ya chumba cha injini. Namba ya injini iko kwenye bloku, chini ya kikalio cha dainamo. Futa grisi na vumbi mpaka zisomeke, kisha zilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Karibu kila kombi ya zamani nchini imeshabadilishwa injini angalau mara moja, na mara nyingi aliyebadilisha hakwenda TRA kurekebisha kumbukumbu. Hapa Dodoma hakuna atakayekuuliza. Mpakani, afisa wa forodha atainama na tochi yake kama ulivyoinama wewe, na namba zisipolingana atakuwa na haki ya kukuzuia. Marekebisho hayo huchukua muda, ndiyo maana yanatangulia. Kama kadi bado ina jina la mwenye gari wa zamani, maliza uhamisho. Kama gari ni la ndugu au la taasisi, pata barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili, itaje nchi utakazopita, na uwe na nakala kadhaa.

Baada ya hapo kusanya haya: pasipoti yenye kurasa tupu za kutosha; leseni ya udereva ambayo haitaisha ukiwa njiani; kibali cha kimataifa cha kuendesha gari kutoka Automobile Association of Tanzania; na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ukishachoma mara moja, cheti chake ni cha maisha. Nenda pia kwa trafiki wakague gari, kwa sababu ukaguzi huo utakuonyesha mapungufu ambayo wewe umeyazoea mpaka huyaoni.

Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Iombe kampuni yako ya bima ikupatie Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), na uhakikishe nchi unazokwenda zimeachwa wazi kwenye karatasi yenyewe, hazikufutwa kwa mstari. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini iliendelea na mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi hiyo hutolewa hapahapa nchini. Inafanya kazi Zambia, Malawi, Zimbabwe, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Botswana, Namibia na Afrika Kusini hazimo. Zenyewe zina mifuko yao ya fidia kwa watu wanaoumia barabarani, na mifuko hiyo hailipi gari la mwenzako ulilogonga. Kwa nchi hizo, nunua bima ya mali ya mtu wa tatu unapoingia.

Kitu kidogo ambacho husahaulika: stika nyeupe ya duara la yai yenye herufi nyeusi EAT, ibandikwe nyuma ya gari. Ndiyo alama ya kimataifa ya magari ya Tanzania Bara, iliyobaki tangu enzi za Tanganyika. Watengeneza vibao vya namba wanaweza kukuchapia.

Hatua ya 2: Ijue injini isiyo na maji

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo safari inapofia au inapopona. Kombi yenye kioo kimoja cha mbele kilichopinda, ile iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979 na Brazil hadi 2013, kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa na rejeta. Injini inapozwa na upepo wa feni, na pia na oili. Mtu aliyezoea gari la rejeta akija kwenye kombi hana budi kujifunza upya.

Feni inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha dainamo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, usiseme ni betri, utaangalia mbele ya safari. Simama hapohapo, zima injini, uende nyuma ukaangalie. Mkanda ukiwa umekatika, injini haina upepo, na kilomita chache zinatosha kuiunguza. Kubadilisha mkanda hakuhitaji fundi: spana ya 21, bisibisi ya kuzuia puli isizunguke, na dakika kumi na tano. Ukibonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati, uingie ndani kama milimita 10 hadi 15. Ukilegea, punguza washa moja (kipete chembamba cha chuma) kati ya nusu mbili za puli. Ukikaza sana, ongeza. Fanya zoezi hili nyumbani mara tatu, moja kati ya hizo iwe usiku.

Jambo la pili ni mabati. Injini imezungukwa na mabati, na pembeni yake kuna mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto iliyo chini, karibu na ekzosi, isivutwe tena na feni. Mafundi wengi huyavua mabati ili mikono ifike vizuri, na wengine hawayarudishi. Kombi ya namna hiyo itakwenda Kibaigwa ikarudi bila shida asubuhi ya Julai, lakini jua la Dodoma la Oktoba litaimaliza. Hakikisha kila bati lipo na mpira ni mzima.

Tatu, tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Seti kwenye milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, yaani alfajiri kabla hujaiwasha. Watu huogopa tapeti inayopiga kelele. Iogope zaidi ile iliyokaza mpaka ikanyamaza, kwa sababu valvu yake haikai sawasawa, inaungua, na siku moja kichwa chake kitakatikia ndani ya silinda.

Nne, oili. Inaingia lita 2.5 tu, na injini hii haina filta ya kubadilisha, ina chujio la waya peke yake. Kitabu kinasema ubadilishe kila kilomita 5,000. Katika safari ndefu ya joto mimi hubadilisha kila 3,000, na kila asubuhi navuta kijiti cha oili kabla hata ya kuchemsha chai.

Tano, mipira ya mafuta. Kombi nyingi zilizoungua barabarani ziliunguzwa na mpira wa shilingi elfu chache uliopasuka juu ya injini ya moto. Badilisha yote, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, weka klipu mpya kila kiungo, na uwe na kizimamoto mahali unapofikia ukiwa nje ya gari. Kikikaa nyuma karibu na injini hutakifikia moto ukianza.

Hatua ya 3: Breki, tairi na umeme

Breki za gari lililosimama muda mrefu zina kutu ndani. Badilisha masta silinda, silinda za magurudumu, mipira ya breki na maji yake yote, hata kama zinaonekana kushika. Nunua tairi za 185R14 zenye herufi C, yaani zilizotengenezwa kubeba uzito. Kombi iliyojaa godoro, maji na watu ni nzito, na tairi za gari dogo hutambaa kwenye kona. Angalia bolijointi na tairodi, paka grisi panapotakiwa. Upande wa umeme, rudishia waya zilizoungwaungwa, safisha sehemu zinapogusa bodi, kisha usiguse tena kinachofanya kazi.

Hatua ya 4: Majaribio matatu kabla ya mpaka

Bwawa la Hombolo ndilo jaribio la kwanza. Ni karibu, unaweza kurudi hata kwa kuvutwa. Lala usiku mmoja. Utagundua taa ya ndani iko mahali pabaya, mbu wanaingilia wapi, na kwamba mnahitaji sufuria mbili tu, si tano.

La pili ni Kolo, kama kilomita 180 kaskazini kwenye barabara ya Babati, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro yenyewe iko nje ya lami, kwa hiyo utaonja vumbi na mawe. Ukirudi, kaza kila nati chini ya gari. Nyingi zitakuwa zimelegea.

Jaribio la tatu ndilo mtihani: Mtera hadi Iringa, kupandisha mlima wa Nyang'oro ukiwa na mzigo wote wa safari. Watu huunguza kombi milimani kwa kukosea jambo moja, nalo ni kung'ang'ania gia ya nne injini ikiwa inaguna. Feni inazunguka kadiri injini inavyozunguka. Ukishusha gia mapema, ukaingia ya tatu au ya pili, injini inazunguka haraka, upepo unaongezeka, na joto linashuka hata kama mlio umekuwa mkubwa. Acha malori yakupite. Wakati wa kuteremka tumia gia hiyohiyo uliyopandia, breki ziwe za kusaidia. Ukifika Iringa bila harufu ya kuungua na oili haijashuka sana, kombi yako iko tayari kwa Zambia.

Hatua ya 5: Nyumba iliyo ndani

Godoro la sponji nzito juu ya masanduku ya mbao linatosha. Mtungi mdogo wa gesi ufungwe kwa mkanda wa chuma, usimame wima, na mpira wake uwe mpya. Pika mlango ukiwa wazi, na kamwe msilale jiko likiwaka, hata baridi ya Makambako iwe kali namna gani. Hewa yake inaua bila harufu. Betri ya pili na paneli ndogo ya sola juu ya paa zitawasha taa na kuchaji simu bila kugusa betri ya kuwashia gari.

Kwa chakula, mtu wa Dodoma ana bahati. Mlenda mkavu hauna uzito na hauharibiki, karanga zipo, zabibu kavu zipo. Nyama mbichi, maziwa na matunda mabichi malizeni kabla ya mpaka. Botswana ni wakali mno kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe: watachukua nyama na maziwa, na watakukanyagisha dawa kwa viatu vyako. Beba maji angalau lita 40.

Hatua ya 6: Spea za kubeba

Mikanda miwili ya feni. Pointi na kondensa, kifuniko cha distributa na rota. Plagi nne. Waya wa kluchi na waya wa mafuta, kwa sababu zote zinatoka mbele hadi nyuma na hukatika bila taarifa. Pampu ya mafuta, mita mbili za mpira wa mafuta, gasketi za vifuniko vya tapeti, oili lita tano, maji ya breki, fyuzi, balbu, mpira wa ndani wa tairi. Fila geji, kile kipimo cha nafasi ya tapeti, usiisahau. Kitabu cha mwongozo wa matengenezo kifungwe kwenye mfuko wa nailoni pamoja na spana: fundi wa Mpika (Zambia) au Nata (Botswana) anaweza kuwa mzuri sana na asiwahi kuishika injini ya namna hii, na michoro itawasaidia wote wawili.

Vitu vya sheria viwe juu, si chini ya godoro: pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto, fulana ya kuakisi, na stika za kuakisi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Trafiki wa kusini huuliza.

Hatua ya 7: Tunduma

Kutoka Dodoma hadi Tunduma ni karibu kilomita 700 kupitia Iringa, Makambako na Mbeya. Zigawe kwa siku mbili, ulale Iringa au Makambako. Mwendo wa kombi ni kilomita 80 kwa saa. Tangi la lita 56 litakupeleka kama kilomita 400, kwa hiyo jaza linapofika nusu.

Tangu 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo kimoja cha pamoja cha forodha. Taratibu za kutoka na za kuingia zinafanyika upande wa nchi unayoingia, kwa hiyo ukienda Zambia unamalizia yote Nakonde. Foleni ndefu ya malori si yako: magari madogo yana njia yake, uliza kwa upole. Vishoka watakuja kwenye dirisha kabla hujazima injini, kila mmoja na beji shingoni. Waambie asante, mwenyewe naweza, halafu funga mlango na ubebe bahasha yako.

Fuata mpangilio huu. Kwanza uhamiaji. Kisha forodha ya Tanzania: eleza kwamba gari linatoka kwa muda na litarudi, na hakikisha linaandikwa hivyo. Halafu forodha ya Zambia kwa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe yake ya mwisho kabla hujaondoka dirishani, na usome namba ya chasisi waliyoiandika. Wangu waliniandikia herufi moja kimakosa; nilirekebishiwa palepale kwa dakika tano, na siku ya kutoka ingenichukua siku nzima. Mwishoni kuna malipo ya kodi ya hewa ukaa, ushuru wa barabara na ushuru wa halmashauri. Kila risiti itunze, vizuizi vya mbele wataiomba. Shilingi badilisha kidogo tu, kwa watu waliokaa dukani, na uhesabu mwenyewe.

Ratibu ufike mpakani saa mbili asubuhi. Ukifika jioni utatoka usiku, na barabara ya Nakonde kwenda Mpika ina malori mengi na mengine hayana taa.

Hatua ya 8: Kusini

Ondoka alfajiri, simama saa tisa mchana. Usiendeshe usiku hata siku moja. Lala kwenye kambi za watalii, kwenye misheni, au kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi baada ya kuomba ruhusa. Nchi za njia hii zote, kuanzia Zambia hadi Afrika Kusini, zinaendesha kushoto kama sisi. Ukigeukia Rwanda, Burundi au Kongo, unahamia kulia.

Kazungula, kivuko cha zamani kimebadilishwa na daraja la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021, limepinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kulivuka kwa kombi, Zambezi ikiwa chini yako, ni jambo nitakalolikumbuka siku zote. Ukishaingia Botswana, njia ya Nata ina tembo wanaovuka barabara. Wakiwa karibu, simama mbali, usipige honi, waache wamalize.

Ukitaka kuvuka bahari

Ulaya kwa kombi yako inawezekana, na wapo watu wa nchi nyingine wanaofanya hivyo kila mwaka. Gharama yake ni nyingine kabisa. Gari litatokea bandari ya Dar es Salaam, ama kwa meli ya kuendeshwa ndani, yaani ile ambayo magari huendeshwa yakaingia ndani yake, ama kwa kontena. Meli ya kuendeshwa ndani mara nyingi ni nafuu, lakini unakabidhi ufunguo na huruhusiwi kuacha vitu ndani. Gari lenye kitanda na jiko si la kusafirisha hivyo. Chagua kontena la futi 20. Mlango wake una urefu wa kwenda juu wa kama mita 2.28 na upana wa 2.34. Kombi ina kimo cha kama mita 1.95 na urefu wa 4.5, inaingia vizuri, ila pima kwanza kama umeongeza paa la kuinuka au fremu ya mizigo. Mafuta yabaki kidogo, betri ikatwe, mtungi wa gesi uache nyumbani, magurudumu yazuiwe kwa mbao na yafungwe kwa mikanda. Kata bima ya baharini, na piga picha kila kona kabla mlango haujafungwa.

Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu mkazi wa nje kutumia gari lake kwa miezi 6 bila kulilipia ushuru, mradi asiliuze wala kulikopesha. Viza ya Schengen, hata hivyo, inakupa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Panga safari kwa siku za viza, si za gari. Bima ya barabarani itafute kabla gari halijashuka melini. Taa za kombi ya usukani wa kulia zinamulika kushoto, kwa hiyo unahitaji stika za kuelekeza mwanga zisimpofushe anayekuja. Miji mingi imezuia magari yenye moshi. London huyasamehe yaliyotimiza miaka 40, lakini gari la nje ni lazima lisajiliwe kabla ya kuingia. Na ukifika Ujerumani, pita Hannover, kwenye kiwanda kilichoanza kuunda kombi mwaka 1956.

Wanaotaka kwenda kaskazini kwa barabara hadi Misri watadaiwa karneti, kile kitabu cha forodha chenye dhamana ya fedha inayokadiriwa kwa thamani ya gari. Kila ukurasa wake lazima ugongwe muhuri wa kuingia na wa kutoka, la sivyo dhamana hairudi.

Ukirudi

Katika kila mpaka unaotoka, kabidhi kibali cha gari na udai karatasi iliyogongwa muhuri kuwa gari limetoka. Bila hiyo, kwenye kompyuta zao gari lako bado limo nchini mwao, na safari ijayo utadaiwa ushuru. Tunduma, hakikisha forodha yetu nayo imelifunga rekodi la kutoka.

Ukifika Dodoma, mwaga oili ikiwa bado ya moto, kwenye beseni safi jeupe. Pitisha sumaku. Vumbi jepesi la chuma ni la kawaida kwa injini ya umri huo. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vina maana kwamba ifunguliwe kabla ya safari nyingine. Seti tapeti tena, na uandike kwenye daftari kila silinda ilikuwa milimita ngapi. Iliyobadilika kuliko wenzake ndiyo utakayoanza nayo mwakani.